Umati Ulikuwa Ukisema Nini

Sufuria, msimulizi wa filamu mtaani, alipofariki, tuliitwa kwenye mkutano wa kupanga mazishi katika ukumbi wa kanisa moja huko Kawangware, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Walikuja vijana wawili wa mambo ya filamu, wenye kamera ndogo na adabu nyingi, wakasimama mbele yetu wakamsifu marehemu kwamba alikuwa mchekeshaji hodari, kwamba kwa miaka mingi aliwapa watu wa hali ya chini burudani ya kuwasahaulisha shida zao. Akina mama waliokuwa wakimenya viazi kule nyuma waliitikia kwa kichwa. Mimi nilishindwa kukaa. Nilitoka nje, nikazunguka ukumbi, nikarudi, nikatoka tena, mpaka mama mmoja akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Kuwasahaulisha shida zao, eti. Mtu yule nilikaa kando yake karibu mwaka mzima wa elfu mbili na tatu, bega kwa bega, mdomo wangu sikioni mwake, na kama kuna aliyewahi kuwakumbusha watu shida zao hadi wakatoka wamekunja ngumi, basi ni yeye.

Mwaka ule serikali ilikuwa mpya, na kila mtu Nairobi alizungumza kana kwamba naye ameapishwa. Mimi nilikuwa na cheti cha ukatibu na bahasha ya kaki niliyoizungusha Upper Hill kila asubuhi, ghorofa moja hadi nyingine, nikiambiwa na wasichana wa mapokezi nirudi wiki ijayo. Nilikuwa nimehama kwa shangazi yangu Ngara kwa ugomvi ambao sitausimulia hapa, nikapanga chumba Kawangware, kwenye ploti ya mabati yenye bomba moja la maji na lango lililolia kila lilipofunguliwa. Chumba chenyewe kilitosha kitanda, stovu ya mafuta taa, ndoo mbili na pazia la maua nililolitundika katikati ili nijidanganye kwamba nina vyumba viwili. Ukuta wa mabati haukuzuia neno. Nilijua jirani wa kushoto anamdanganya nani, na wa kulia anasali saa ngapi. Wa kulia alikuwa Musyoka, kibarua wa mjengo, mtu wa mkono kama walivyoitwa, yaani yule anayembebea fundi saruji kwenye karai begani na kupanda nayo. Tulianza kwa kuazimana chumvi, tukaishia kupika chungu kimoja, ugali na sukuma kwake, maharagwe ya nazi kwangu, bila hata mmoja wetu kuuliza kuna nini kati yetu. Nilikuwa nikimwambia kila mara kwamba nikipata kazi nitahama. Alikuwa akinijibu, "Sawa, Zena, hama. Lakini ule kwanza."

Ni Musyoka aliyenipeleka kwenye ukumbi wa vidio. Kwa asiyejua, siku hizo filamu ya Kiingereza haikutazamwa mtaani bila mtu wa kuisimulia. Ukumbi wetu ulikuwa wa mabati yaliyopakwa lami, mabenchi ya mbao za mjengo, blanketi mbili zimepigiliwa misumari dirishani, na runinga imefungiwa ndani ya sanduku la chuma kule mbele. Kando ya runinga, kwenye kreti ya soda, aliketi Sufuria na kipaza sauti chake. Jina lilimpata enzi alipokuwa akisimama mlangoni na kupiga sufuria kwa mwiko kuwaita wateja. Alipunguza sauti ya filamu ikabaki kama mnong'ono, kisha akasema yeye mwenyewe maneno ya wote, wanaume, wanawake, watoto na mbwa. Tatizo lake lilikuwa Kiingereza. Kile cha haraka kilimpita, naye alijaza mapengo kwa kubahatisha, na ukumbi wa ng'ambo ya barabara ulikuwa umeanza kumcheka kwamba filamu zake zote zina hadithi moja. Kwa hiyo Musyoka aliponitaja, Sufuria aliniita siku hiyo hiyo.

"Niaje, madam. Wewe ndio ule msupa amesoma?"

"Nimesoma kidogo."

"Kizungu inakuingia?"

"Inaniingia."

"Basi kaa hapa karibu. Wakiongea, niambie. Usinieleze mingi, mimi si mwanafunzi. Niambie tu ile kitu wanataka."

Nikawa mnong'onezi. Alasiri tuliitazama filamu wawili peke yetu mara moja, mimi nikimpa yaliyosemwa, yeye akitafuna karanga na kutikisa kichwa. Jioni na Jumapili tulikaa vivyo hivyo mbele ya watu, nami nikimnong'oneza alipokwama. Niliona aibu na kazi ile. Nilimwambia shangazi kwa simu ya kibanda kwamba nafanya ukalimani, na si uongo mkubwa. Lakini nilipotoka Upper Hill nimechoshwa na kuambiwa nirudi, nilijikuta naharakisha mwendo kuteremka Kawangware, na njiani nilikuwa natafsiri matangazo ya ukutani kwa sauti, kwa lafudhi ya Sufuria, watu wakinitazama.

Filamu nyingi zilikuwa za ngumi na bastola, na hizo hazikuwa na shida. Shida ililetwa na kanda moja ambayo mwenye ukumbi aliipata mjini kwa jumla, ndani ya kasha lisilo na picha. Ilikuwa habari ya wachimba migodi katika nchi ya baridi ambayo sikuitambua. Mgodi unaporomoka, watu wanakufa, mwenye mgodi anataka wengine washuke kesho yake. Wachimbaji wanalewa, wanavunja madirisha, wanapigana wao kwa wao. Kisha anafika mhandisi kijana kutoka jiji kuu, amevaa koti zuri, anawaonea huruma, anawaeleza kwamba wana haki, nao wanamtazama kama watoto wanaoonyeshwa saa ya ukutani kwa mara ya kwanza. Mhandisi anamkabili mwenye mgodi. Mhandisi anashinda. Wachimbaji wanambeba juu juu. Katika filamu nzima, nakumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa kazi yangu kukumbuka, hakuna mchimbaji mmoja aliyesema sentensi mbili zikafuatana.

Tulipofika pale umati ulipomzunguka mwenye mgodi kwenye mdomo wa shimo, Sufuria alisimamisha kanda.

"Hawa nao wanasema nini?"

"Hawasemi kitu. Wanapiga kelele tu."

"Rudisha. Sikiza poa."

Nilisikiliza tena, sikio langu limegusa runinga. Ilikuwa ngurumo tu, aaa na ooo, watu waliolipwa kufungua midomo. Nilimwambia hivyo.

"Zena, hiyo haiwezekani. Wasee mia moja, wenzao wamezikwa huko chini jana, wako mbele ya buda mwenyewe, na hakuna kitu wanasema?"

"Ndivyo filamu ilivyo. Mimi siwezi kukupa maneno ambayo hayapo."

"Sawa," alisema, akarudia karanga zake. "Wewe niletee maneno ya wenye makoti. Hawa wengine niachie mimi."

Nimetazama filamu nyingi tangu hapo, na nimezitilia manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwa miaka, maana hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kazi yangu. Bado naona mambo yale yale. Mfanyakazi akiwekwa kwenye filamu huwa mlevi au malaika. Anaimba akibeba mizigo. Akianza kufikiri, lazima pawepo mtu mwenye viatu safi aliyemfungua macho, mwalimu, wakili, binti wa tajiri aliyerudi kutoka masomoni. Na tajiri naye hupewa tumbo na kicheko kibaya ili tusihangaike kumtambua. Nilipokuwa na umri ule sikuyaona haya. Niliona tu kwamba Sufuria anataka kuongeza chumvi kwenye chakula cha watu wengine, na mimi niliyesoma nilijiona mlinzi wa chungu.

Kabla ya Jumapili ya kuonyesha filamu ile, Mutua alianguka. Mutua na Musyoka walikuwa wakifanya kazi kwenye saiti moja Upper Hill, jengo la ofisi lililokuwa limefika ghorofa ya sita, na jukwaa la kusimamia lilikuwa la miti na mbao zilizotumika katika majengo mengine kabla ya lile. Ubao ulikatika chini yake. Wenzake walimbeba juu ya kipande cha plaiwudi hadi hospitali kubwa, maana iko pale pale chini, hata gari halikuhitajika. Hakufa, ila nyonga ilivunjika, na daktari hakusema kama atatembea. Musyoka alirudi jioni akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni pangu. Nilimpakulia, hakula. Alikuwa akitazama viganja vyake.

"Kesho utaenda?" nilimuuliza.

"Nitaenda wapi tena?"

"Mwambieni meneja abadilishe mbao."

"Nani atamwambia? Ukiongea peke yako wewe ndio wa kwanza kuonyeshwa geti. Na huko nje ya geti kuna wasee wamejaa kila asubuhi wakingoja jina litoke."

Nilimwambia aache kazi. Nilimwambia kwa ukali, kwa sababu ndipo nilipogundua kwamba nampenda, na sikupenda kugundua hivyo nikiwa nimeshika mwiko. Mbao zile zilikuwa bado ziko pale, na yeye ndiye angezikanyaga asubuhi. Sikuweza kufikiri jambo jingine. Usiku kucha nilimsikia akigeuka upande wa pili wa mabati, nami nikigeuka upande wangu.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Watu wa saiti walikuja pamoja wakakaa mabenchi ya mbele, Musyoka katikati. Nje kulikuwa na harufu ya soseji za mutura na mayai ya kuchemsha, ndani harufu ya jasho na mafuta ya taa. Sufuria alianza taratibu, kwa mizaha yake ya kawaida. Kila mchimbaji alimpa jina la mtu aliyekuwa ukumbini, na watu wakacheka kujiona wana ndevu nyekundu. Nilimnong'oneza maneno ya mhandisi, akayasema. Nilimnong'oneza maneno ya mwenye mgodi, akayasema kwa sauti ya puani. Halafu tukafika kwenye mdomo wa shimo, umati ukafungua midomo, na Sufuria akasimama juu ya kreti.

"Shuka wewe kwanza!" alinguruma. "Buda, kama hapa chini ni salama, shuka wewe kwanza tuone!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga mabati kwa viganja. Na haikuishia hapo. Katika filamu, mhandisi anasimama juu ya pipa anahutubia, na wachimbaji wanainamisha vichwa kwa haya, wanaelewa kwamba walikosea kuvunja madirisha. Nilimnong'oneza Sufuria hotuba, neno kwa neno. Hakuichukua. Akamfanya mhandisi ni karani aliyetumwa kusoma majina ya walioanguka. Alisoma polepole, majina ya Wakamba na ya Waluhya na ya Wakikuyu na ya Waluo, na kwenye runinga vichwa viliinama kwa kila jina, na haikuwa haya tena. Jina la mwisho lilikuwa Mutua. Mbele yangu Musyoka alivua kofia yake. Mimi niliyekuwa nimekasirika nilijikuta nalia.

Baadaye nilimfuata Sufuria kwenye kibanda cha chai nyuma ya ukumbi. Alikuwa ameloa jasho, anapuliza chai kwenye kikombe cha bati.

"Umewadanganya," nilimwambia. "Hiyo haiko kwenye filamu. Mwenye mgodi hashindwi na wachimbaji, anashindwa na mhandisi."

"Na wewe uliamini?"

"Kuamini nini?"

"Ati watu wanazikwa, na wenzao wanangoja mtu wa kutoka taoni awaambie ni vibaya."

"Sijui. Lakini hawa wa mbele wana kazi kesho, Sufuria. Watatoka hapa na maneno yako mdomoni."

Alikunywa chai, akatazama mtaro. Nadhani na yeye hakuwa amefikiria kesho.

Kesho yake nilitembea na Musyoka kama kawaida, kundi zima la watu wa mjengo likifuata Barabara ya Ngong kwa miguu, mimi na bahasha yangu katikati yao, viatu vya ofisi ndani ya mfuko wa plastiki. Mizaha haikuwepo. Tulipopita Kenyatta Market wachomaji walikuwa ndio kwanza wanawasha makaa, na hakuna aliyetoa hata ule utani wa kila siku kwamba mwisho wa mwezi atakula mbavu. Kwenye lango la saiti walisimama wale wanaongoja majina, wengi kuliko siku nyingine, kwa sababu habari ya Mutua ilikuwa imeenea na nafasi yake ilikuwa wazi. Nilipaswa kuendelea na safari yangu ya bahasha. Sikuendelea. Nilisimama kando ya mama aliyeuza chai na mandazi pale langoni, mahali ambapo nilimwona kila mtu ndani.

Hawakupanda. Walisimama chini ya jukwaa, karai zimepinduliwa. Meneja wa saiti alitoka kwenye ofisi yake ya mabati, na hapo ndipo filamu zote nilizotazama zilipoanza kunisaliti, kwa sababu hakuwa na tumbo wala kicheko kibaya. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyewajua kwa majina na aliyempelekea Mutua matunda hospitalini. Aliwasalimia. Aliuliza kuna nini. Ilitoka sauti moja, kisha nyingi.

"Panda wewe kwanza."

"Kama mbao ni poa, bosi, panda wewe kwanza tuone."

Nilishika bahasha kwa mikono miwili. Mama wa mandazi aliacha kugeuza mafuta. Katika ukumbi wetu, hapo ndipo buda, yule mwenye mgodi, alipogeuka akakimbilia gari lake. Meneja aliwatazama, akatazama juu. Akavua koti, akamkabidhi askari wa lango, akapanda. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya sita, akatembea juu ya ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono mfukoni, akageuka, akatembea tena. Akashuka. Alivaa koti lake bila haraka.

"Mmeona," alisema. "Sasa rudini kazini."

Sijawahi kuona watu wamevuliwa silaha hivyo. Walikuwa wamekuja na neno moja, na hilo neno limejibiwa. Mmoja aliinama akaokota karai yake. Wa pili akamfuata. Nilimlaani Sufuria kwa moyo wangu wote, na nilimlaani na aliyetengeneza ile filamu, kwa sababu hata mmoja wao hakuwa amewahi kufikiri kwamba mwenye mgodi anaweza kushuka mara moja, asubuhi moja, akarudi juu akanywa chai.

Ndipo Musyoka alipozungumza. Hakupaza sauti, ilibidi nisogee.

"Bosi, umepanda bila karai."

"Nini?"

"Sisi tunapanda na saruji begani. Wewe mwenyewe huna uzito. Weka karai begani, upande tena. Halafu tena. Mpaka saa kumi. Ikifika jioni ubao haujalia, mimi nitarudi kazi na nitakuomba msamaha mbele ya hawa wote."

Hayo hayakutoka kwa Sufuria. Nilikuwepo kila onyesho, nayajua maneno yote yaliyosemwa katika ukumbi ule. Yalitoka kwenye bega lake. Waliokuwa wameokota karai walizishusha chini. Mmoja alisukuma ya kwake hadi miguuni pa meneja, imejaa saruji mbichi. Meneja aliitazama karai ile kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika, ule upole ukaisha. Akasema wote ambao hawataki kazi watoke, na huyu, akamwonyesha Musyoka kwa kidole, asirudi kabisa. Wakatoka. Lango likafungwa, kisha likafunguliwa tena kidogo, na wale waliokuwa wakingoja majina wakaitwa ndani, wakapita katikati ya wenzao bila kutazamana.

Alasiri hiyo niliingia ukumbini nikamkuta Sufuria anafuta vumbi kwenye runinga. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, nikitembea huku na huku kati ya mabenchi. Nilimwambia kwamba amewafukuzisha watu kazi, kwamba Musyoka hatarudi, kwamba mbao ziko pale pale na watu wengine wako juu yake. Nilitaka ajitetee ili nipate kupiga kelele zaidi. Alisema tu, "Alipanda kweli?" Nikamwambia alipanda. "Mwenyewe?" Mwenyewe. Akaketi kwenye kreti yake, kitambaa mkononi. "Hiyo singeweza kuiwaza," alisema.

Jumapili iliyofuata watu waliitaka filamu ile ile. Nilidhani ataikataa. Aliiweka, akaisimulia kama kawaida, bila mizaha mingi. Umati ulipomzunguka mwenye mgodi, Sufuria aliweka kipaza sauti juu ya magoti yake na kuinua sauti ya runinga. Ukasikika ule mngurumo mtupu. Watu waligeuka kumtazama, wakidhani umeme umeleta shida. Yeye alitazama mbele. Halafu kutoka nyuma mtu akasema, "Muulize atabeba nini." Mwingine akasema, "Muulize atashuka mara ngapi." Wakaanza kuulizana wao kwa wao, nani alikuwa saiti, nani aliona, kwa nini walioitwa langoni waliingia. Filamu iliendelea hadi mhandisi akabebwa juu juu, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Mimi nilikaa na mdomo wangu umefungwa, kwa mara ya kwanza sina cha kunong'ona, na sikujua kama naogopa au nafurahi.

Wiki chache baadaye mbao zilibadilishwa. Wakati ule sikujua kwa nini. Labda wenye jengo walipita, labda meneja mwenyewe alilala na ile karai kichwani. Lori lilileta mbao mpya nyeupe zenye harufu ya msitu, na wengi wa waliofukuzwa waliitwa tena. Musyoka hakuitwa. Kila asubuhi alienda na wao, akasimama langoni pamoja na wanaongoja, akainua mkono jina lilipotakiwa. Meneja alichagua wa kushoto kwake, akachagua wa kulia. Nilimsihi atafute saiti nyingine. Alisema, "Mimi nataka kupanda zile." Aliwatazama wenzake huko juu kwenye mbao zile kwa wivu wa wazi kabisa, na nilitamani kumpiga, na nilitamani kumkumbatia, hapo hapo mbele ya mama wa mandazi.

Asubuhi moja meneja alimchagua mwanamume mfupi mwenye sweta ya kijani aliyesimama karibu na Musyoka. Mtu huyo hakusogea.

"Chukua huyu," alisema. "Yeye ni wa kwanza hapa."

"Huyo simtaki. Nimekuita wewe."

"Basi mimi nimeacha."

Meneja aliinua mabega, akachagua mwingine, naye akaingia haraka akitazama viatu vyake, na wala simlaumu. Musyoka na mtu wa sweta walibaki wamesimama kando kando. Nikaona hawa wawili watakaa pale hadi jua liwapige, nikawaambia waje jioni wale kwangu.

Nilipika maharagwe ya nazi na ugali, nikaondoa pazia la maua ili tupate nafasi. Jina lake lilikuwa Barasa. Alikula kwa adabu, akisifu chakula, akiuliza habari za ploti. Kisha aliosha sahani yake na mikono, akaifuta mikono kwenye sweta, akamgeukia Musyoka.

"Ile siku walikutoa," alisema, "mimi ndio niliingia kwa nafasi yako. Nilikuwa na mtoto mgonjwa, sikufikiria. Nilipewa karai yako, ilikuwa bado na saruji. Nilipanda nayo siku mzima kwa zile mbao za zamani."

Nilitazama mkono wa Musyoka juu ya goti lake. Nilijua jinsi unavyoonekana unapotaka kufanya jambo.

"Ule ubao wa mwisho," Barasa akaendelea, "ulikuwa unalia. Kila nikifika hapo katikati, unalia. Nikajiambia, sasa huyu jamaa alikuwa anaongea ukweli, na mimi nimesimama kwa ukweli wake. Jioni nikaenda kwa meneja nikamwambia. Kesho yake wale wengine pia wakamwambia. Mbao mpya zilipokuja, wenyewe wakaitwa, na sisi tukarudishwa geti."

Upande wa pili wa mabati jirani alikohoa. Musyoka alivuta sufuria ya ugali, akakata kipande kikubwa, akakiweka kwenye sahani ya Barasa, ambayo ilikuwa tayari imeoshwa.

"Ongeza," alimwambia. "Hujashiba."